Reli ya zamani, mzigo mpya: Barua ya wazi kwa NEMC, TAZARA na Wizara ya Uchukuzi

Kwa:
Mkurugenzi Mkuu, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC)
Uongozi wa Mamlaka ya Reli ya Tanzania na Zambia (TAZARA)
Katibu Mkuu, Wizara ya Uchukuzi

Nakala: Wakuu wa Mikoa ya Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe

YAH: TATHMINI YA ATHARI KWA MAZINGIRA KATIKA KUFUFUA RELI YA TAZARA NYANDA ZA JUU KUSINI

Waheshimiwa,

Kamwene. Ndiyo salamu ya kwetu Iringa nilikozaliwa, nami nawatumia kutoka Mbeya ninakoishi.

Niseme mapema, nisije nikawekwa kwenye kundi ambalo si langu: naitaka treni. Anayeishi kando ya barabara ya TANZAM hahitaji kushawishiwa. Tunayaona malori ya shaba na mafuta yakipanda milima ya Kitonga, tunayasikia yakifeli breki kwenye miteremko ya Simike na Iwambi, tunahesabu misiba. Foleni ya Tunduma imekuwa sehemu ya maisha ya watu wa Songwe. Kila treni ya mizigo itakayopita salama itaondoa makumi ya malori barabarani, na huo wenyewe ni unafuu kwa mazingira. Kwa hiyo barua hii haimpingi mtu kujenga. Inawadai nyinyi mfanye kazi ambayo sheria iliwapa, kabla tingatinga halijaingia kwenye tuta.

Septemba 2024, mjini Beijing, Rais Samia Suluhu Hassan, Rais Hakainde Hichilema na Rais Xi Jinping walishuhudia hati ya makubaliano ya kuifufua TAZARA ikitiwa saini. Mwaka uliofuata ukaja mkataba wenyewe na kampuni ya CCECC ya China: takriban dola bilioni 1.4, kwa miaka 30, mitatu ya ujenzi na 27 ya uendeshaji. Tumesikia habari za vichwa vya treni, mabehewa, tani na mapato. Habari za mito, vumbi, kelele na mashamba ya watu zimesikika kidogo mno, na ndipo malalamiko yangu yanapoanzia.

1. Mradi huu usipewe njia ya mkato kwa kuitwa ukarabati.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 81, inamtaka mwenye mradi afanye tathmini kabla ya kuanza. Kanuni zake za 2005 zinaorodhesha miradi ambayo haina msamaha, na ndani yake umo ujenzi wa reli mpya na upanuzi wa reli iliyopo. Najua wanasheria watakavyojitetea: reli ipo tangu zamani, tuta ni lilelile, upana ni uleule wa milimita 1,067, basi kuna kipya gani?

Kipya ni mzigo. TAZARA ilipokuwa kwenye kilele chake ilibeba takriban tani milioni 1.2 kwa mwaka. Mwaka 2014/15 ilishuka chini ya tani 100,000. Kwa muda wote huo maisha yalijipanga upya kandokando ya reli iliyonyamaza. Watu walilima hadi kwenye kokoto, watoto walizoea kuvuka kwenda shule bila kugeuza shingo, ng'ombe walizoea kulala juu ya mataruma. Mwekezaji hatoi zaidi ya dola bilioni moja ili treni ziendelee kupita kwa kubahatisha. Anataka mizigo mingi, mwendo mkubwa na treni za usiku na mchana. Mnachopaswa kupima ni tofauti kati ya hali hizo mbili, hata kama hakuna sentimita moja ya tuta jipya itakayoongezwa.

Tena kuna jambo la kihistoria. Reli hii ilianza kujengwa 1970, ikakabidhiwa 1976. NEMC yenyewe ilizaliwa kwa sheria ya 1983. Maana yake reli ndefu ya kilomita 1,860 ilijengwa kabla nchi haijawa na chombo cha kuuliza maswali haya. Hii ndiyo nafasi yenu ya kwanza ya kuyauliza kwa ukamilifu. Mkiiacha, nyingine itakuja baada ya miaka 30.

2. Maji ya Usangu.

Hapa naomba mnivumilie, maana ndipo penye uzito.

Kutoka Makambako kwenda Mbeya, reli na barabara kuu zinapita chini ya milima, zikiwa zimeikingama mito inayoshuka kwenda bonde la Usangu: Mbarali, Kimani, Chimala, na Ruaha Mkuu wenyewe. Maji mengi yanayoingia kwenye mashamba ya mpunga ya Mbarali kutoka milimani hupita kwanza chini ya daraja au kalvati. Yakitoka mashambani yanaingia ardhi oevu ya Ihefu, yanapita Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, yanafika bwawa la Mtera ambako wavuvi wa Migoli, Iringa, wanapata riziki, kisha Kidatu. Mtera ni megawati 80, Kidatu ni 204. Mnajua pia, kwa sababu nyinyi ndio mliotufundisha, kwamba tangu 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kabisa kila kiangazi ndani ya hifadhi. Kwa ajili ya mto huo wafugaji waliondolewa Ihefu, vijiji vikahamishwa, na mwaka 2008 mipaka ya hifadhi ikapanuliwa. Watu wa Mbarali wamelipa gharama kubwa kwa jina la mazingira. Wana haki ya kushangaa ukali ule ukilegea pale mlango unapobishwa na mwekezaji.

Tuta la reli linapopita mahali pa mteremko hufanya kazi ya bwawa. Makalvati ndiyo milango yake. Ukiongeza moja, ukapanua jingine, ukaziba la tatu kwa kifusi, umegawa maji upya kati ya mkulima na mkulima, na hapo Igurusi au Chimala watu wamewahi kushikana mashati kwa mfereji mdogo kuliko huo. Naomba tathmini ioneshe kila kalvati kati ya Makambako na Mbeya: lilipo, ukubwa wake wa sasa, utakaokuwa, na shamba la nani linapokea maji yake. Ni kazi ya kutembea kwa miguu, haifanyiki kwa picha za setilaiti ofisini. Bodi ya Maji Bonde la Rufiji iko Iringa mjini. Waiteni tangu kwenye hadidu za rejea, wasiletewe ripoti nzima wakati wa kutia saini.

Kisha kuna kinachobebwa. Migodi ya Copperbelt na Katanga inahitaji salfa na dizeli kwa wingi, na inarudisha shaba na kobalti. Mizigo hiyo leo inapita barabarani, kweli, na ajali zake tunaziona. Lakini lori moja likipinduka linamwaga lori moja. Treni ikiacha reli inaweza kumwaga mabehewa kadhaa ya tanki mahali pamoja, na mahali hapo pakiwa daraja, kinachofuata ni mto. Wamarekani, pamoja na vyombo vyao vyote, tarehe 3 Februari 2023 treni yao iliacha njia East Palestine, jimbo la Ohio, ikiwa na kemikali, na watu wakalazimika kuhama nyumba zao. Sasa niambieni: behewa la dizeli likianguka kwenye mto Chimala mwezi Januari, mpunga ukiwa umeshapandikizwa, nani anapigiwa simu? Vifaa vya kuzuia mafuta yasisambae vinatoka wapi, Mbeya au Dar es Salaam? Kwa muda gani? Mpango wa dharura usio na majibu ya maswali haya matatu ni karatasi tu.

3. Miteremko, mvua na kokoto.

Kipande cha Mlimba hadi Makambako ndicho kiliwatoa jasho Wachina na Watanzania walioijenga reli. Mahandaki mengi, madaraja marefu, milima inayokatika. Kila msimu wa mvua kubwa kipande hicho kinatajwa. Wahandisi wa wakati ule walipima mvua ya wakati ule. Sisi wa Mbeya tumeona mvua ya sasa: tarehe 14 Aprili 2024 Mlima Kawetele ulimeguka pale Itezi, tope likafukia nyumba na shule. Tathmini itakayotumia takwimu za mvua za zamani kupima madaraja ya miaka 30 ijayo haitakuwa na thamani hata ikipigwa mihuri.

Kokoto nazo zina kwao. TAZARA ina machimbo ya Kongolo hapa hapa Mbeya, na mamia ya kilomita za reli yatahitaji kokoto nyingi kuliko zilizochimbwa kwa miaka mingi. Baruti, vumbi, malori ya kokoto kwenye barabara za vijiji, vyote vihesabiwe kama sehemu ya mradi, visiandikiwe vibali vidogo vidogo pembeni. Na yale mashimo ya kifusi! Kila mradi wa barabara katika mikoa yetu umetuachia mashimo yanayojaa maji, yakazalisha mbu na kuzamisha watoto. Mkandarasi huahidi kuyafukia, kisha huondoka. Safari hii fedha za kufukia ziwekwe amana kabla shimo la kwanza halijachimbwa, na zirudishwe kwake siku serikali ya kijiji itakapoandika kwamba imeridhika.

4. Mbeya imeifuata reli.

Stesheni ilipojengwa, mji ulikuwa mdogo na reli ilikuwa pembezoni. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya 540,000 katika Jiji la Mbeya, na wengi wetu tumejenga tulipopata. Iyunga na Mbalizi reli sasa inapita katikati ya maisha: masoko, shule, makanisa, vijiwe vya bodaboda. Treni nyingi maana yake honi usiku, moshi wa dizeli karibu na madirisha, na vivuko visivyo na geti wala taa. Maana yake pia ni alama ya X nyekundu ya bomoabomoa kwenye kuta. Hofu hiyo kila mwenye nyumba karibu na reli anayo leo, na hakuna anayemjibu. Mpaka wa hifadhi ya reli uchorwe ardhini, watu waoneshwe, na atakayehamishwa alipwe kabla ya kuvunjiwa. Vivuko vya wanafunzi vijengwe kabla ya treni kuongezwa.

Lakini kuna upande ambao hakuna anayeuzungumza, nao unanikera zaidi kwa sababu ni fursa. Tathmini halali lazima ipime njia mbadala. Serikali inajenga barabara ya njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi, kilomita 29, kwa sababu jiji limeziba. Sambamba na mhimili huohuo kuna reli tayari imelala. Kwa nini isipimwe treni nyepesi ya abiria, mabehewa machache, asubuhi na jioni, kutoka upande wa Inyala hadi Mbalizi? Hili si ndoto ya mlevi. Oktoba 2012, Dk. Harrison Mwakyembe, mtoto wa Kyela, akiwa Waziri wa Uchukuzi, alianzisha treni za mjini Dar es Salaam kwa kutumia reli zilizokuwepo, moja yake ikiwa ya TAZARA hii hii. Watu wakaiita treni ya Mwakyembe. Dar es Salaam wakaipata kwa reli inayofika Mbeya, Mbeya hatukuipata.

Sisemi tuige kila kitu. Addis Ababa ilifungua treni nyepesi mwaka 2015, kilomita zipatazo 34, ya kisasa, ya umeme, na baada ya miaka michache treni nyingi zikawa zimesimama kwa kukosa vipuri. Ndiyo maana nasema ipimwe: gharama, vipuri, abiria, moshi utakaopungua, daladala zitakazoathirika. Mkataba ukifungwa kwa mizigo peke yake, miaka 30 hiyo nafasi ya treni ya abiria mjini itakuwa ya kuomba kwa mwekezaji. Na mkiwa huko, pimeni umeme pia. Nchi inayoendesha SGR kwa umeme kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, na yenye bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115, inapaswa angalau kueleza kwa nini reli yake ya kusini ibaki kwenye dizeli kwa kizazi kizima.

5. Tembo wa Udzungwa.

Hili ni fupi kwa sababu wataalamu wake wapo na ofisi zao nyingine ziko Iringa. Reli inapita kati ya milima ya Udzungwa na Hifadhi ya Nyerere, mahali ambapo tembo wana njia yao ya kuvuka bonde la Kilombero, na bonde hilo liko kwenye orodha ya Ramsar tangu 2002. Mwendo wa treni usiku kwenye ushoroba huo uwekewe kikomo ndani ya masharti ya cheti, si kwenye mapendekezo.

6. Ripoti isomeke na anayeathirika.

Kanuni zinataka ripoti iwe na muhtasari wa kujitegemea, usio wa kitaalamu, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Mazoea nchini ni ripoti ya mamia ya kurasa kwa Kiingereza, na muhtasari wa Kiswahili uliotafsiriwa haraka hivi kwamba hata mwalimu wa sekondari anakuna kichwa. Kisha mtaalamu elekezi anakuja kijijini siku moja, anagawa soda na posho, anapitisha daftari la mahudhurio. Saini ile ya kwamba ulikuwepo inaingia kwenye kiambatisho kama ushahidi kwamba ulishirikishwa na ulikubali. Mkulima wa Igurusi aliyesaini apate soda amegeuka kuwa mwidhinishaji wa mradi wa dola bilioni.

Acheni mtindo huo kwenye mradi huu. Kifungu cha 4 cha sheria kinampa kila mtu aliye Tanzania haki ya kuishi katika mazingira safi, salama na yenye afya. Haki haisainiwi kwenye daftari la mahudhurio. Mikutano ifanyike baada ya mavuno, si Januari watu wakiwa majarubani. Ifanyike vijijini na mitaani, iwe na mihtasari ambayo wanakijiji wenyewe wanaisoma na kuithibitisha kwenye mkutano mkuu. Mapingamizi yaandikwe kama yalivyosemwa.

7. Nani atajibu mwaka wa 20?

TAZARA inamilikiwa na serikali mbili. Anayeendesha atakuwa wa tatu. Cheti cha mazingira kitakuwa kwa jina la nani? Udongo uliolowa mafuta ya miaka mingi kwenye maeneo ya kuegesha na kutengeneza vichwa vya treni ni deni la nani: TAZARA ya zamani au mwendeshaji mpya? Bila kupima udongo na maji leo, kila mmoja atamnyooshea mwenzake kidole, na atakayebaki na kisima kichafu ni jirani. Pimeni sasa, chapisheni vipimo, kisha kila mwaka pimeni tena palepale na mchapishe tena.

Najua kuna haraka. Angola na ushoroba wa Lobito, ukisukumwa na Marekani na Umoja wa Ulaya, unawania shaba ileile, na wakubwa wanaogopa kuachwa nyuma. Naelewa. Lakini mto ukishachafuka Usangu, Lobito haitatuletea maji.

Kwa hiyo, waheshimiwa, naomba haya kwa maandishi. NEMC: kama tathmini ya kipande cha Mlimba hadi Tunduma imekamilika, iwekeni wazi yote, pamoja na viambatisho, kwenye ofisi za halmashauri zote ambako reli inapita; kama haijakamilika, tangazeni hadidu za rejea na mfanye usikilizaji wa hadhara Makambako, Chimala, Iyunga na Tunduma kabla ya cheti chochote. TAZARA: toeni idadi ya treni kwa siku na aina za mizigo hatari mnazozitarajia, na mpango wa dharura wa kila daraja la Usangu. Wizara: ingizeni treni ya abiria ya Mbeya kwenye njia mbadala zinazopimwa, na mtueleze uamuzi wenu kwa sababu zake.

Na wewe msomaji wa Mbarali, Mbeya, Makambako au Mufindi: daftari la mahudhurio likikufikia, andika pembeni ya jina lako swali lako kuhusu maji, na usisaini hadi lijibiwe.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mkazi wa Iyunga, Mbeya
Mzaliwa wa Iringa